Kuku Huyu au Kuku Hii? Upatanisho wa Kisarufi Katika Mkahawa wa Kijamaika

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mwalimu mwanafunzi anatarajiwa aweze:

(a) kutambua nomino kuu katika jina la chakula lenye maneno mengi, na kuipatanisha na kitenzi, kivumishi na kionyeshi;
(b) kueleza kwa nini majina ya wanyama hubaki katika upatanisho wa A-WA hata yanapotaja chakula;
(c) kuziweka nomino za kigeni katika ngeli zinazozifaa;
(d) kuagiza chakula kwa Kiswahili cha adabu kisichoiga muundo wa lugha nyingine;
(e) kumsahihisha mwanafunzi bila kumvunjia heshima.

1. Utangulizi

Tunapofundisha upatanisho wa kisarufi kwa vyakula, tumezoea kutumia ugali, wali, maharage na kuku wa kukaanga. Mwanafunzi hujibu vizuri, nasi huridhika. Lakini mara nyingi majibu hayo hayatoki katika kanuni. Mwanafunzi ameukariri msemo mzima, kama akaririvyo salamu. Tukitaka kujua kama kanuni imemwingia, hatuna budi kumpa chakula ambacho hajawahi kukitaja kwa Kiswahili. Hapo hana msemo wa kukimbilia. Lazima aunde sentensi yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo tumechagua mkahawa wa Kijamaika. Majina ya vyakula vyake ni mageni, ila vyakula vyenyewe si vigeni kwetu kama yadhaniwavyo. Wali wa Jamaika hupikwa kwa tui la nazi na maharage. Mbuzi hupikwa kwa bizari, upishi uliofika kisiwani pamoja na vibarua wa Kihindi walioanza kuletwa mwaka 1845. Mkate wa muhogo ulipikwa na Wataino, wenyeji wa kisiwa, kabla ya Wazungu kufika. Muhogo huohuo ndio uliovushwa na Wareno ukaja Afrika. Shelisheli lilipelekwa Jamaika mwaka 1793 na nahodha William Bligh ili liwe chakula cha watumwa. Basi mwalimu atakapoisoma orodha ya mkahawa huo, atakutana na ndugu wa vyakula vyake waliovaa majina mengine.

Kifungu kifuatacho tumekitunga kwa ajili ya somo hili. Maneno ya Shangazi tumeyaandika kwa Kiswahili sanifu, isipokuwa sentensi moja tuliyoiacha kama ambavyo mtu wa Bukavu angeisema, kwa kuwa uchambuzi wetu unaihitaji.

2. Kifungu cha kusoma: Chakula cha mchana Brixton

Shangazi aliwasili London kutoka Bukavu siku ya Alhamisi. Siku ya Jumamosi mtoto wa kaka yake, kijana aliyesomea ualimu wa Kiswahili mjini Kampala, alimtembeza hadi Brixton, kusini mwa jiji. Huko ndiko walikokaa Wakaribi wengi baada ya meli iitwayo Empire Windrush kutia nanga Tilbury mwezi Juni 1948, na mpaka leo harufu ya vyakula vyao haijatoka mitaani. Rafiki zake wawili wa chuoni, Wakenya, walifuatana nao.

Waliingia katika mkahawa mdogo karibu na soko. Kuta zilipakwa rangi za bendera ya Jamaika: kijani, manjano na nyeusi. Juu ya kaunta paliezekwa mabati, kana kwamba ni kibanda cha pwani. Hapakuwa na vitambaa vya meza. Vyakula viliandikwa kwa chaki ubaoni, na kila mtu aliagiza kwa kusimama kaunta.

“Mwanangu, nisomee,” Shangazi alisema. “Macho ninayo, ila Kiingereza sinacho.”

Kijana akasoma: “Kuna kuku wa kuchoma kwa viungo vikali. Kuna mchuzi wa mbuzi. Kuna mkia wa ng'ombe uliopikwa polepole mpaka ukalainika. Kuna samaki wa chumvi aliyepikwa kwa tunda liitwalo aki. Wali wao una nazi na maharage mekundu. Kuna pia ndizi za kukaanga, na majani yaitwayo kalalu.”

Shangazi aliitupia jicho sahani ya meza ya jirani. “Kalalu gani? Yale si lengalenga? Unanitisha kwa majina, na mboga ni ileile ya kwetu.”

Wote wakacheka. Kijana akaenda kaunta, akarudi na sahani nne na glasi nne za rosela yenye tangawizi. Kuku alikuwa mweusi kwa moshi. Shangazi akaonja kipande cha kwanza, akafumba macho, akaifikia glasi yake.

“Ee mwanangu! Kuku hii iko na pilipili mingi!”

“Si kuku hii, Shangazi,” kijana alisema kwa sauti ya darasani. “Ni kuku huyu. Tena si pilipili mingi, ni pilipili nyingi.”

Rafiki zake wakatabasamu, mmoja akaangua kicheko. Shangazi akaiweka uma sahanini.

“Kuku huyu,” alirudia taratibu. “Huyu ni yule atembeaye uani. Wa sahanini amechinjwa, amechomwa, amekatwa vipande vinne. Nawe mwalimu bado unamwita huyu. Mpaka lini?”

Kijana hakuwa na jibu. Aliijua kanuni, sababu yake hakuijua. Kwa muda uliobaki Shangazi alisema machache, tena kwa Kifaransa, lugha ambayo kijana aliifahamu kidogo tu. Walipoinuka kuondoka, alikifunga kipande kilichobaki katika karatasi.

“Chakula ni kizuri, mwanangu,” alisema. “Ila sijui sasa nikiite namna gani.”

3. Msamiati

*aki*: tunda jekundu lenye asili ya Afrika Magharibi, ni tunda la taifa la Jamaika.
*kalalu*: mboga ya majani. Nchini Jamaika ni mchicha, ambao Uganda na Rwanda huitwa dodo na Kivu huitwa lengalenga. Nchini Trinidad kalalu hupikwa kwa majani ya magimbi.
*ndizi za kukaanga*: hapa ni ndizi ndefu za aina ambayo Waganda huiita gonja.
*rosela*: kinywaji chekundu cha maua, wengine huyaita maua hayo choya.
*tui*: maji mazito yakamuliwayo kutoka nazi iliyokunwa.

4. Uchambuzi

4.1 Nomino kuu ndiyo itawalayo

Jina la chakula mara nyingi huundwa kwa nomino mbili zilizounganishwa kwa -a unganifu: *mchuzi wa mbuzi*, *paja la kuku*. Nomino ya kwanza ndiyo nomino kuu. Hiyo ndiyo huamua umbo la -a unganifu, la kivumishi na la kitenzi. Nomino ya pili hufafanua tu. Haina mamlaka juu ya kitenzi. Tazama mifano:

Kuku wa kuchoma ameiva. (A-WA)
Paja la kuku limeiva. (LI-YA)
Kipapatio cha kuku kimeiva. (KI-VI)
Mchuzi wa kuku umeiva. (U-I)
Nyama ya kuku imeiva. (I-ZI)
Mkia wa ng'ombe umelainika. (U-I)
Maharage ya nazi yameiva. (LI-YA, wingi)
Ndizi za kukaanga zimeiva. (I-ZI, wingi)

Katika sentensi tano za kwanza mnyama ni yuleyule, lakini kitenzi kimebadilika mara tano. Kosa la kawaida ni mwanafunzi kukipatanisha kitenzi na nomino iliyo karibu nacho na kusema *\*mkia wa ng'ombe amelainika*. Dawa yake ni swali moja: ni nini kilicholainika? Ni mkia. Ng'ombe ametajwa ili tujue mkia ni wa nani.

Kanuni hii ina faida pia wakati wa kuhesabu. Mteja akisema *tuletee kuku wawili*, ameomba kuku wazima wawili. Akisema *tuletee sahani mbili za kuku*, ameomba chakula cha watu wawili. Tofauti hiyo huonekana wakati wa kulipa.

4.2 Je, kuku wa sahanini bado ni “huyu”?

Swali la Shangazi si la mzaha. Tumeulizwa swali hilo na wanafunzi wetu mara nyingi, na mwalimu anayelijibu kwa kusema “ndivyo ilivyo” huwa hajajibu.

Katika Kiswahili sanifu, upatanisho wa A-WA hufuata aina ya kiumbe kinachotajwa na nomino. Haufuati hali ya mwili wake. Kuku ni jina la kiumbe mwenye uhai kwa asili yake. Akitembea uani ni huyu, akichinjwa ni huyu, akichomwa ni huyu. Ushahidi tunao katika methali. Wahenga wamesema: *Samaki mmoja akioza, wote wameoza.* Samaki anayeoza hayumo hai, hata hivyo methali haikusema *\*ikioza* wala *\*zimeoza*. Wakasema tena: *Samaki mkunje angali mbichi.* Samaki wa kukunjwa ametoka majini, naye bado ni *m-* na *a-*. Kwa wanadamu ni vivyo hivyo: *marehemu ameacha watoto watatu*.

Lugha imetupatia pia njia ya pili. Tukitaka kuutaja mwili bila kumtaja mnyama, tunatumia nomino nyingine yenye ngeli yake: *nyama hii*, *mzoga huu*, *kipande hiki*. Kwa hiyo kijana angeweza kumjibu Shangazi hivi: “Shangazi, ukimtaja kwa jina lake, Kiswahili sanifu humwita huyu siku zote. Ukitaka kumtenga na uhai, mwite nyama: nyama hii ina pilipili nyingi.” Sentensi zote mbili ni sahihi, na Shangazi angechagua aipendayo.

4.3 “Kuku hii” hutoka wapi?

Mwalimu asidhani kwamba *kuku hii* ni uzembe. Katika lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka, jina la mnyama hupatanishwa kwa umbo lake, kama nomino nyingine yoyote ya ngeli yake. Mganda husema *enkoko yange*, Mnyarwanda husema *inkoko yanjye*, wote wakimaanisha kuku wangu. Umbo hilo *ya-* linalingana na lile la I-ZI katika Kiswahili. Mwanafunzi asemaye *\*kuku yangu* ameihamisha kanuni sahihi ya lugha yake ya kwanza. Kiswahili ndicho kilichochukua njia ya pekee, kwa kulipita umbo la nomino na kuutazama uhai. Ndiyo maana husema *kifaranga amepotea* na *kiboko ametoka mtoni*, ingawa umbo la nomino hizo ni la KI-VI.

Katika Kiswahili cha Kivu, *kuku hii* na *pilipili mingi* ni maumbo ya kawaida yanayoeleweka na wote. *Mingi* katika Kiswahili sanifu ni ya wingi wa U-I, kama *miti mingi*, lakini huko imeenea hadi kwa nomino za ngeli nyingine. Vivyo hivyo *iko na* hushika nafasi ya *ina* au *ana*, na umbo hilo husikika Nairobi na Kampala pia. Shangazi hakukosea Kiswahili cha kwao. Alizungumza Kiswahili kimoja, kijana akamjibu kwa kingine bila kumwambia kwamba viko viwili.

4.4 Vyakula vigeni na ngeli zake

Mwanafunzi akikutana na jina geni la chakula, na ajiulize maswali matatu kwa mpangilio huu.

*Kwanza: je, ni jina la kiumbe?* Ikiwa ndivyo, upatanisho ni wa A-WA.

*Pili: je, ni tunda?* Matunda mengi ni ya LI-YA, na miti yake ni ya U-I: embe na mwembe, chungwa na mchungwa, papai na mpapai, shelisheli na mshelisheli. Kwa mfano huo tunasema *aki hili* na *maaki haya*, au kwa wepesi zaidi *tunda la aki*. Ndizi na nazi hutoka katika mkondo huo, nazo ni za I-ZI.

*Tatu: ikiwa si kiumbe wala tunda, je, neno lina umbo linaloshabihi kiambishi cha Kiswahili?* Neno *kitabu* lilitoka katika Kiarabu, lakini *ki-* yake ilishabihi kiambishi, likaingia KI-VI. Neno lisilo na umbo la namna hiyo kwa kawaida huangukia I-ZI: *supu hii, keki hii, juisi hii*. Basi tunasema *rosela hii imekolea tangawizi*.

Pale jina geni linapobaki katika umbo lake la asili, njia salama ni kulitanguliza kwa nomino ya Kiswahili. Wajamaika huuita upishi wa kuku wa Shangazi *jerk*. Nyama husuguliwa kwa pilipili kali na mbegu za mti uitwao pimento, kisha huchomwa juu ya moto wa kuni. Upishi huo hunasibishwa na watumwa waliotorokea milimani. Tukisema *kuku wa jerk*, nomino kuu ni *kuku*, na upatanisho hauna shida. Mwanafunzi akilitafuta neno hilo katika kamusi ya Kiingereza atakuta maana ya kuvuta kwa ghafla, na tafsiri yake itamchekesha msomaji. Kadhalika, wali wa Kijamaika kwa Kiingereza hutajwa kana kwamba una njegere, lakini ndani yake mna maharage. Mfasiri wa chakula hutazama chunguni kabla ya kutazama kamusini.

Aki linatupa somo jingine. Tunda hilo lina sumu likiwa changa. Huchumwa tu baada ya kupasuka lenyewe mtini, kisha mbegu nyeusi na utando mwekundu hutupwa, ikapikwa sehemu ya manjano. Linganisha:

Chuma tunda lililofunguka lenyewe.
Chuma tunda lililofunguliwa.

Sentensi ya kwanza ina kauli ya kutendeka: tunda limefikia hali hiyo bila mtendaji. Ya pili ina kauli ya kutendwa: yupo mtu aliyelifungua, pengine kabla ya wakati wake. Mpishi aliyefundishwa kwa sentensi ya pili anaweza kuwapa wageni wake sumu. Mwanafunzi akiuliza tofauti ya *-ka* na *-liwa* ina faida gani, mfano huu umtoshe.

4.5 Kuagiza kwa adabu

Wanafunzi waliosoma kwa Kiingereza mara nyingi huagiza chakula kwa Kiingereza kilichovishwa maneno ya Kiswahili. Epuka sentensi hizi:

*\*Nitakuwa na kuku.* (Maana yake ni kwamba mimi na kuku tutakuwa pamoja.)
*\*Naweza kupata wali?* (Hili ni swali kuhusu uwezo wangu, wala si ombi.)

Mswahili huomba kwa njia hizi:

Naomba wali kwa mchuzi wa mbuzi.
Tuletee sahani mbili za kuku, tafadhali.
Ningependa kuonja mkia wa ng'ombe.
Dada, nipatie rosela isiyo na sukari nyingi.

Angalia irabu ya mwisho katika *tuletee* na *nipatie*. Kitenzi cha amri kikitanguliwa na kiambishi cha mtendwa, *-a* hugeuka *-e*: *pa* huwa *nipe*, *somea* huwa *nisomee*. Mwanafunzi Mganda au Mnyarwanda amezoea *mpa*, kitenzi kikiishia kwa *-a*, ndiyo maana huteleza akasema *\*nipa*. Kwa upande wa adabu, hata hivyo, lugha hizo humsaidia. Luganda ina *nsaba* na Kinyarwanda kina *ndasaba*, zote zikiwa na maana ya naomba. Mwonyeshe kwamba *naomba* ni ndugu wa neno analolijua, naye hatalisahau.

*Nipe* si tusi. Ndugu humwambia nduguye *nipe chumvi* bila kumkwaza. Lakini kwa mtu mzima, mgeni au mhudumu, *naomba* ndilo neno la mtu aliyelelewa.

5. Namna ya kumsahihisha mwanafunzi

Turudi mezani. Kanuni aliyoitaja kijana ilikuwa sahihi. Makosa yake yalikuwa matatu: alisahihisha kabla ya kuijibu maana, alisahihisha mbele ya watu, na hakuwa na sababu ya kutoa. Shangazi alikuwa akimwambia kwamba pilipili imemchoma. Alihitaji maji, akapewa ngeli. Matokeo yake ni kwamba mzungumzaji mahiri wa Kiswahili alikiacha Kiswahili, akahamia Kifaransa.

Hali hii si ya Brixton pekee. Nchini Uganda, katika shule zilizo karibu na makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, mwalimu hukutana na watoto wa Kikongo wanaozungumza Kiswahili kwa wepesi unaoweza kumpita yeye aliyekisoma kitabuni. Mwalimu huyo ana hazina darasani. Akiweka alama nyekundu juu ya kila *kuku hii*, baada ya muhula mmoja mtoto atakuwa amejifunza kunyamaza. Tutakuwa tumelinda ngeli na kumpoteza msemaji.

Tunapendekeza hatua hizi:

(i) *Jibu maana kwanza.* Mtu akisema ameungua, mpe maji.
(ii) *Rudia kwa usanifu bila kutangaza.* “Kweli, Shangazi, kuku huyu ametiwa pilipili nyingi mno. Nikuletee maji?” Umbo sahihi limesikika, na hakuna aliyeaibika.
(iii) *Liandike kosa, usimwandike mtu.* Kosa likijirudia, lifundishe darasani kwa mifano mipya, bila kutaja jina la aliyelisema.
(iv) *Toa sababu.* Tumia methali za samaki. *Kuku mgeni hakosi kamba mguuni* nayo ni methali rahisi kukumbukwa, na ndani yake mna *hakosi*.
(v) *Taja mahali pa kila Kiswahili.* Mwambie mwanafunzi: nyumbani kwenu *kuku hii* inaeleweka na kukubalika, katika insha na mtihani andika *kuku huyu*. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo huongeza umbo jipya bila kutupa la mama yake.

6. Muhtasari

Nomino kuu huamua upatanisho wa jina lote la chakula. Majina ya wanyama hubaki katika A-WA, wawe hai au wapikwe. Tukitaka ngeli nyingine tunataja nyama, kipande au kiungo. Vyakula vigeni huingizwa katika ngeli kwa kuuliza juu ya uhai, aina na umbo, au hutanguliwa na nomino ya Kiswahili. Ombi la chakula huanza kwa *naomba*, *ningependa* au amri ya adabu iishiayo kwa *-e*. Mwisho, kanuni isiyo na sababu haimsaidii mwanafunzi, na sahihisho lisilo na heshima humfunga kinywa.

7. Mazoezi

1. Pigia mstari nomino kuu, kisha ujaze kiambishi kinachofaa:
(a) Mkate wa muhogo ___mekauka.
(b) Vipapatio vya kuku ___meungua.
(c) Samaki wa chumvi ___meroweka usiku kucha.
(d) Majani ya kalalu ___mepikwa kwa nazi.
(e) Supu ya mbuzi ___mepoa.

2. Eleza tofauti ya maana: (a) *Tumenunua mbuzi wawili.* (b) *Tumenunua sahani mbili za mbuzi.*

3. Sahihisha sentensi hizi, na kwa kila moja ueleze chanzo cha kosa: (a) *Nitakuwa na ndizi za kukaanga.* (b) *Nipa maji, tafadhali.* (c) *Mkia wa ng'ombe ni mtamu, amelainika sana.* (Angalizo: neno *mtamu* katika sentensi (c) ni sahihi. Eleza kwa nini.)

4. Tunga sentensi mbili kwa kila jozi ili kuonyesha tofauti ya maana: *mwagika* na *mwagwa*; *pasuka* na *pasuliwa*; *ungua* na *unguzwa*.

5. Chagua vyakula vitano vya kwenu visivyo na jina la Kiswahili. Vitafutie ngeli kwa maswali matatu ya sehemu ya 4.4, na utetee uamuzi wako mbele ya wenzako.

6. Tafuta methali mbili nyingine zenye majina ya wanyama. Onyesha viambishi vyake vya upatanisho, na ueleze jinsi utakavyozitumia darasani.

7. Kwa wawili wawili, igizeni tena mazungumzo ya Shangazi na kijana kuanzia pale anapoonja kuku. Safari hii kijana afuate hatua (i) hadi (v). Baada ya igizo, aliyecheza sehemu ya Shangazi awaeleze wenzake kama angependa kuendelea kuzungumza Kiswahili mezani hapo, na kwa nini.